Chumba Chako, Ufunguo Wako

Basilisa mwanangu,

Asubuhi nilikusalimia hukuitikia, kwa hiyo barua hii naianza bila salamu, usije ukasema nakulazimisha. Umekwenda kusukwa, na kusukwa kwako nakujua, ni shughuli ya nusu siku. Nimekaa nyuma ya kaunta, mlango wa duka nimeurudishia nusu, mteja akija asijue kama nipo au sipo. Naandika kwa mkono. Kompyuta ipo hapa mbele yangu, lakini mimi na kompyuta tukikaa pamoja huwa tunapamba maneno, na leo sitaki kupamba.

Sitakuambia habari za sweta wala za kuchunga begi lako ukifika Arusha. Una miaka ishirini na minne. Na ule msemo wa asiyesikia la mkuu huvunjika guu nao nimeuweka kando, maana katika habari hii aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe.

Nina jambo moja, na limenikaa kooni miezi miwili. Lile tangazo la kazi ya Uarabuni lililokufanya ufunge begi, niliandika mimi.

Najua unavyokunja uso hapo ulipo. Unasema, tangazo limetoka kwa wakala wa Arusha, mama yangu na Arusha wapi na wapi? Tulia, mwanangu. Nitakueleza tangu mwanzo, na safari hii siruki mstari.

Unakumbuka mwaka ule ulipomaliza kidato cha sita, ukaenda kukaa kwa shangazi yako Babati miezi kadhaa? Ndipo alipokuja hapa dukani yule bwana wa wakala wa ajira. Alikuwa amefungua ofisi ya chumba kimoja kule nyuma ya stendi. Kijana mpole, viatu vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye soksi, mkononi ana karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Akaniambia, "Mama, naomba unichapie hili tangazo, nataka nilibandike mnadani." Nikaikunjua karatasi. Bado naiona mpaka leo. Iliandikwa hivi:

Wanatakiwa wasichana wa kazi za ndani, Uarabuni. Mkataba miaka miwili, huruhusiwi kurudi kabla. Kazi inaanza alfajiri mpaka familia ilale. Siku ya mapumziko ni kwa hiari ya mwajiri. Pasipoti na simu vitakaa kwa mwajiri. Utalala utakapopangiwa.

Hivyo ndivyo lilivyofika mezani kwangu, Basilisa. Baya, limekaa kama tangazo la msiba, lakini la kweli. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Kaka, nani atakuja kwa tangazo kama hili? Hapa unatafuta wafanyakazi au unawafukuza?" Naye akacheka. Akasema, "Ndivyo walivyonitumia wenzetu wa huko, Mama. Mimi Kiswahili cha kuandika sikiwezi."

Kumbe ndipo aliponipata. Mtu akiniambia hawezi Kiswahili cha kuandika, mimi kichwa kinavimba. Unanijua. Barua za maombi ya kazi za nusu ya madereva wa wageni hapa Karatu zimepita kwenye vidole hivi, na wote wameitwa kwenye usaili. Nikavuta kiti. Kazi za ndani nikafuta, nikaweka msaidizi wa familia. Habari ya alfajiri nikafuta. Pasipoti nikafuta, simu nikafuta. Nikaandika mwajiri ni mtu wa dini, anaishi na wasaidizi wake kama watoto wake. Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia. Ilikaa vizuri tu kwenye karatasi. Kisha nikafika kwenye ule mstari wa kulala utakapopangiwa, na vidole vikasimama.

Hapa lazima nikurudishe nyuma, kwenye jambo ambalo hata marehemu baba yako sikumwambia.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa dada wa kazi Arusha, kwa familia moja yenye nyumba kubwa. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nilikuwa nalala stoo, katikati ya magunia ya mahindi, na stoo haikuwa na mlango, ilikuwa na pazia. Mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba ile alikuwa na tabia ya kuja kuchukua vitu stoo saa yoyote anayotaka. Mwaka mzima nililala na viatu miguuni. Nilikuwa nalala nikiwaza kitu kimoja tu, na hakikuwa mshahara wala chakula. Nilikuwa nawaza kitasa. Mlango wenye kitasa, na ufunguo ninaoushika mimi.

Basi vidole vilipoanza tena kuchapa, viliandika: Chumba chako, ufunguo wako.

Yule bwana alisoma kwa sauti, akarudia mara mbili. Akaniambia, "Mama, wewe ulitakiwa uwe afisa masoko." Akaninunulia soda. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kukueleza. Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ndiye niliyekipa kibaya miguu.

Kungekuwa kubandika nguzoni tu, huenda lingeloa na mvua likaisha. Watu wa huku hawaamini nguzo. Karatasi ya nguzoni inasema dawa ya nguvu, inasema pesa za haraka, tunapita. Ila kila Jumamosi nani anachapa matangazo ya parokia? Mimi. Na karatasi ile ile inakwenda kwenye vigango vyote vya vijijini, katekista anasoma baada ya komunyo, na watu wameinamisha vichwa. Kinachosomwa pale hakiulizwi. Ukisomewa pale kwamba fulani anaoa, anaoa. Basi Jumamosi ile nililiweka tangazo la wakala katikati, baada ya ndoa za tangazo la tatu, kabla ya zamu za usafi wa kanisa. Paroko alikuwa safarini. Hakuna aliyenituma. Nililiona zuri tu, nikataka lisomwe.

Huko kigango cha Endabash lilimkuta Martina. Unamkumbuka Martina, binti wa Mama Martina anayetuletea maharage? Mlikuwa mnacheza wote hapa nje, mama yake akija mnadani. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Aliposikia chumba chako, ufunguo wako, hakungoja hata wimbo wa mwisho. Wao nyumbani ni tisa, vyumba viwili.

Alirudi kabla ya mwaka kuisha. Alirudije, sijui yote, na ninayoyajua si yangu kuyasimulia. Ila alikuja siku moja hapa dukani kutoa kopi ya cheti chake cha kuzaliwa. Alikuwa amepungua. Alisimama pale mlangoni, hataki kuingia ndani kabisa, mgongo wake umeegemea fremu ya mlango. Mimi, mdomo wangu huu usio na breki, nikamuuliza, "Martina, na chumba ulipewa?"

Akasema, "Nilipewa, Mama. Na ufunguo ulikuwepo. Walikuwa wanafunga kwa nje."

Hakujua anamwambia nani. Nikampa kopi yake, nikamwambia pole, nikajifanya natafuta chenji kwenye droo mpaka akaondoka. Mama yake alikuja kuniambia kwamba Martina siku hizi halali mpaka mlango uachwe wazi, hata Julai, na baridi ya huku unaijua. Nilimsikiliza yote, nikamwambia tumwombee. Tukasali pamoja, Basilisa. Nilimshika mkono mwanamke yule tukasali, na nikanyamaza. Miaka ikapita.

Sasa miezi miwili iliyopita ukaingia hapa umeshika simu, macho yanang'aa kama ulipokuwa mdogo ukipata namba moja. "Mama, hebu soma hii." Kundi la WhatsApp, picha ya maghorofa, wakala mwingine kabisa, wa Arusha. Nikasoma. Msaidizi wa familia. Mtu wa dini. Kama watoto wake. Chumba chako, ufunguo wako. Neno kwa neno. Limetoka hapa mezani, limezunguka huko lilikozunguka, limerudi kunichukulia wewe.

Wewe ukasema, "Mama, ufunguo wangu mwenyewe! Fikiria."

Na unavyostahili kuutaka, naona. Tangu baba yako afariki ukiwa kidato cha pili tumelala kitanda kimoja, wewe na mimi, kwenye chumba hiki cha nyuma ya duka. Ukigeuka nageuka. Ukilia nasikia.

Nikakwambia, "Hiyo kazi siyo."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Ukaniangalia, ukasema polepole, "Kama ulivyojua ile ya lodge?"

Ungefanya nini kingine zaidi ya kuondoka? Maana ile ya lodge ni kweli. Tuliandike na hilo, liwe limeandikwa. Ulipoomba kazi ya mapokezi kule juu ukingoni mwa kreta, ulitumia anwani ya barua pepe ya duka. Jibu lilikuja kwangu. Walikuita kwenye usaili. Nilisoma, nikakaa, nikasoma tena, nikafuta. Ulipouliza nikakwambia najua hawatakuita. Nilijiambia lodge si mahali pa binti, wanakaa huko wiki kadhaa bila kushuka, kuna wageni wa kila namna. Uongo. Niliogopa kubaki na kitanda kizima peke yangu. Ulikuja kujua mwezi mzima baadaye, kutoka kwa mwenzako mliyesoma naye, aliyeitwa siku ile akasikia jina lako likisomwa na hakuna aliyesimama.

Hukunipigia kelele. Ungenipigia kelele ningepona. Ulianza tu kuniita "Mama" kama watu wanavyowaita wanawake wasiowajua sokoni.

Ndiyo maana nimenaswa, mwanangu. Mara moja niliyosema uongo ili ubaki, uliniamini. Sasa nina ukweli mkononi, na ukweli wenyewe unafanana na uongo ule ule: mama hataki uondoke. Kila nikifungua mdomo unasikia lodge. Na ili uniamini ilinibidi nitaje Martina, na nikimtaja Martina lazima nimtaje aliyeandika. Nilijaribu. Siku ile tunakunja nguo nilianza, "Basilisa, unajua Martina wa Endabash…" Ukasema, "Mama, usianze na mikosi ya watu." Nikashukuru! Mungu anisamehe, nilishukuru umenikata.

Wasifu wako nani ameuchapa? Picha zako za pasipoti, nani ameshika kitambaa cha bluu nyuma ya kichwa chako? Fomu ya ridhaa ya mzazi niliichapa mimi, nikaitia sahihi mimi, nikapeleka mimi kugongwa muhuri ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akasema, "Hongera Mama Basilisa, umelea." Nikasema asante. Kila karatasi inayokupeleka imetoka kwenye printa yangu. Jumuiya imekuja, imekuombea, imekula wali, imekupa vitenge. Pasipoti yako anayo wakala huko Arusha na amesema ataiachia uwanja wa ndege. Nikizunguka huku ukuta, nikizunguka huku ukuta, na kuta zote nimejenga mimi.

Samahani, nimekatizwa. Mwongoza watalii mmoja ameingia kutoa kopi za vibali vya kuingilia hifadhini, amenikuta nalia akadhani nina mafua. Ameniambia ninywe tangawizi.

Naendelea. Leo asubuhi ulidhani nimekwenda kuulizia karatasi za printa. Nilikwenda Endabash, kwa bodaboda. Nilimkuta Mama Martina uani anapepeta maharage. Sikukaa. Nilisema nimesimama, nikijua nikikaa nitaanza habari za mvua. Nikamwambia, "Mama Martina, lile tangazo lililosomwa kanisani niliandika mimi. Nilipewa la kweli nikaligeuza. Halikupita kwa paroko. Nililichomeka mimi."

Hakuacha kupepeta. Ungo ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka. Kisha akauliza, "Na ule mstari wa ufunguo?"

"Ni wangu."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Nilimlaumu katekista. Miaka yote hii. Hata wakati wa kutakiana amani nilikuwa namwinamia mtoto nijifanye namfunga kitambaa, nisimpe mkono. Mwaka jana amekufa, sikwenda kumzika." Akaokota harage lililoanguka. "Mzee wa watu alisoma tu alicholetewa."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata njiani nilikuwa nimechagua majibu. Ndiyo kwanza nikajua kwamba ukimpa mtu maneno ya uongo ayasome, na yeye unamfunga nayo, mpaka kaburini.

Martina alitoka nyuma ya nyumba, amesikia yote. Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe na sikumdai. Nikamweleza habari zako, kwamba unaondoka kesho, kwa maneno yale yale, na kwamba kwako mimi siaminiki. Mama yake akamwambia jambo kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, naye akatikisa kichwa, "Hapana, Aayo," yaani mama, "nitakwenda." Kisha akanigeukia mimi, "Nitakuja. Si kwa ajili yako."

Amekuja na bodaboda hiyo hiyo. Yuko kwa mama mkwe wa kaka yake hapa mjini, na kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla ya gari lako, atakuwa hapa dukani. Mimi nitakaa nje, barabarani, nisisikie wala nisikutolee macho. Usiniamini mimi. Mwamini huyo, au usimwamini, lakini mwulize. Mwulize yale niliyoyafuta: kazi inaanza saa ngapi inaisha saa ngapi, simu nani anashika, pasipoti nani anashika, na ukitaka kurudi unamwambia nani. Halafu mpigie wakala wako umwulize hayo hayo, usikilize anapobabaika. Wapo wanaokwenda wakakutana na watu wema, najua, na wamejenga. Nami siijui nyumba unayokwenda. Ninalijua tangazo tu. Tangazo lisome kama barua ya mchumba, mwanangu, uangalie alichokwepa kusema.

Nimemwambia paroko pia, kabla sijarudi dukani. Jumapili karatasi itakwenda kwenye vigango vyote na jina langu, kwamba tangazo lile halikuwa la kanisa, na katekista yule hakuwa na kosa. Nimeichapa tayari. Mistari minne, sikuweka pambo hata moja. Watu watasema, na wateja watapungua, na Mama Basilisa mwenye Kiswahili chake ataonekana alivyo. Hilo litasomwa ukiwa hapa au ukiwa huko. Si chambo cha kukubakiza.

Ukimsikiliza Martina na bado ukaamua kwenda, nitalibeba begi lako mwenyewe mpaka stendi, na sitalia mbele ya kondakta. Naogopa, Basilisa. Lakini sitafuta kitu tena.

Sasa tikisa bahasha, kuna kitu chini. Ni ufunguo wa mlango wetu wa mbele. Nilipokuwa Endabash nasema maneno yangu, nilikuwa nimeshika pindo la kanga hapa kiunoni, pale ninapofungaga ufunguo. Nikaugusa. Nikakumbuka kwamba nyumba hii ina ufunguo mmoja, na miaka yote hiyo ufunguo huo umekaa kiunoni kwangu. Wewe umekua ukigonga. Ulichelewa mazoezi ya kwaya, uligonga. Ulitoka kuchota maji, uligonga. Na nilikuwa nakusikia, mwanangu. Nilikuwa nangoja kidogo kwanza, makusudi, ndipo nifungue, ili ujue mwenye mlango ni nani.

Nimepita kwa fundi pale karibu na soko, akachonga wa pili. Akaniuliza, "Mama, kwani umepoteza ule wa kwanza?" Nikamwambia hapana, sijawahi kuutoa.

Ukienda, nenda nao. Ukibaki, kaa nao. Ukirudi baada ya miaka miwili, au baada ya siku mbili, saa yoyote, mimi nikiwa hai au nisiwepo, fungua uingie.

Usigonge tena.

Mama yako